KISU CHA TITANI: JE, KINAFAA KAZI ZETU?

Mwezi huu tuzungumze juu ya kisu. Najua utasema, "Kisu kila mtu anakijua." Ni kweli. Mvuvi anacho, mkulima anacho, mama jikoni anacho. Lakini siku hizi kuna visu vya namna mpya vinavyoingia katika vijiji vyetu. Vijana huvileta kutoka Dar es Salaam. Wengine huletewa na ndugu zao walioko Oman. Kimoja cha visu hivyo huitwa kisu cha titani. Ni kisu cha mfukoni, cha kukunja, tena husemwa ni cha kazi nzito. Bei yake ni kubwa sana.

Kijana mmoja wa upande wa Nyamisati, mvuvi wa jarife, alitaka kukinunua kwa binamu yake. Binamu alitaka shilingi 300,000. Fedha hizo kijana alikuwa ameziweka kwa ajili ya jarife jipya, kwa sababu la zamani limechakaa. Kabla hajalipa, alikileta kisu Kibiti, akaniambia, "Bwana Shamba, wewe hutupimia mbegu na dawa. Nipimie na hiki."

Jarife ndilo chakula cha nyumba yake. Basi nilikubali. Tulikipima kisu kile siku kumi, baharini na shambani. Mambo tuliyoyaona ndiyo nitakayokueleza leo.

TITANI NI NINI?

Neno hili husomwa hivi: ti-ta-ni. Ni madini, kama chuma na shaba. Mtu aliyeyagundua ni Mwingereza, William Gregor, mwaka 1791. Aliyakuta ndani ya mchanga mweusi wa kijito huko Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza.

Mchanga mweusi hata sisi watu wa pwani tunaujua. Tembea ufukweni baada ya mawimbi makubwa. Utaona mistari myeusi juu ya mchanga mweupe. Chota kidogo kiganjani, utaona ni mzito kuliko mchanga mwingine. Mara nyingi mchanga wa namna hiyo una madini yanayotoa titani. Huko Fungoni, Kigamboni, umekwisha kupimwa. Kule Kwale, kwa jirani zetu wa Kenya, ulichimbwa tangu mwaka 2013 mpaka mwisho wa mwaka 2024. Na chuma cha Liganga, wilaya ya Ludewa, kimechanganyika na titani ndani ya mwamba wake.

Lakini usidhani kwamba mchanga wote huo hufanywa visu. Sehemu kubwa ya titani duniani hugeuzwa unga mweupe, na unga huo hutiwa katika rangi. Ukiona ukuta wa zahanati umepakwa rangi nyeupe, huenda ukawa unatazama titani. Ni sehemu ndogo tu ambayo huyeyushwa ikawa chuma cha kutengenezea ndege, mifupa ya bandia ya hospitali, na vitu kama kisu hiki.

Titani ina sifa mbili kubwa. Sifa ya kwanza ni wepesi. Chukua kopo la lita moja. Ukilijaza maji, maji yale yana uzito wa kilo 1. Kama ungeweza kulijaza chuma kitupu, kingekuwa na uzito wa karibu kilo 8. Titani ingekuwa kilo 4 na nusu. Aluminiamu, ile ya sufuria, ingekuwa kilo 2 na robo tatu hivi. Kwa hiyo titani ni nyepesi kuliko chuma, lakini ni nzito kuliko sufuria.

Sifa ya pili ndiyo inayotuvutia sisi watu wa delta. Titani hailiwi na maji ya chumvi. Haipati kutu. Unaweza kuiacha baharini mwaka mzima, nawe ukaikuta vile vile.

Hapo kijana wangu alishangilia. Akasema, "Basi hiki ndicho kisu cha maji chumvi!"

Nikamwambia angoje kidogo.

KISU CHA TITANI SI CHA TITANI CHOTE

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Titani haishiki makali vizuri. Ni ngumu kuvunjika, lakini makali yake huisha upesi. Kwa hiyo mafundi kwa kawaida hawaitumii kutengenezea bapa la kisu, yaani ile sehemu inayokata. Mara nyingi huitumia kwa mpini tu. Bapa ni la chuma. Mtu akikuambia, "Hiki ni kisu cha titani," mara nyingi anachosema ni kwamba mpini ni wa titani.

Kama huamini, chukua sumaku. Hata sumaku ya spika ya redio mbovu inafaa. Iguse kwenye mpini: haitanata. Iguse kwenye bapa: itanata. Tulifanya hivyo ofisini na watu wakakusanyika kutazama.

Mtindo huu wa kisu ulienezwa na fundi aitwaye Chris Reeve. Ni mtu wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani mwaka 1989. Kisu chake alikiita Sebenza. Kwa Kizulu neno hilo maana yake ni "fanya kazi". Jina zuri. Baadaye viwanda vingi viliufuata mtindo wake. Ubavu mmoja wa mpini umechanwa kidogo ukawa kama ulimi. Ukifungua kisu, ulimi ule huchepuka wenyewe na kukaa nyuma ya bapa. Hapo kisu hakiwezi kujikunja mpaka uusukume ulimi kwa kidole gumba. Ni kama komeo la mlango. Komeo likikaa sawasawa, umelala salama. Likikaa nusu, mlango utafunguka.

Kisu alichokileta kijana kilikuwa cha mtindo huo.

TULICHOKIONA KATIKA MAJI

Tulichota ndoo moja ya maji ya bahari. Tukatia ndani yake kisu cha titani, na pembeni yake kisu cha mhunzi wa kwetu, kilichofuliwa kwa springi ya gari. Tukaviacha siku tano.

Siku ya sita tukavitoa. Mpini wa titani ulikuwa safi kabisa. Bapa lake lilikuwa na madoa machache ya kahawia. Lakini pale bapa linapoungana na mpini, kwenye msumari wake, palikuwa na kutu zaidi. Sababu yake ni hii: metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, moja huila nyingine. Inayoliwa si titani. Kinacholiwa ni chuma.

Kisu cha mhunzi kilikuwa chekundu chote kwa kutu. Kusema haki, hapo kilishindwa vibaya. Tulikisugua kwa mchanga na majivu kwa muda mfupi, kikarudi kuwa kisu. Nao msumari wa kile kingine hatukuweza kuufikia. Ili uufikie lazima ufungue skrubu, na skrubu zake zina tundu la umbo la nyota. Bisibisi ya kawaida haiingii. Niliuliza katika maduka ya Kibiti nikakosa ya kipimo chake.

MATOPE NI JAMBO KUBWA ZAIDI

Ndugu msomaji, matope ya delta unayajua. Ni laini kama uji, na yana mchanga mwembamba ndani yake. Maji yakipwa, mvuvi hutembea ndani ya matope mpaka magotini. Kila kitu anachokishika kinapata matope.

Tulikipaka kisu matope kama kinavyoweza kupakwa kazini, tukakifungua. Kilifunguka kwa shida, kikilia kama mlango wenye mchanga. Ulimi haukufika mahali pake. Ulikaa nusu. Nikakishika kwa koleo, nikagonga mgongo wake juu ya gogo, polepole. Kikajikunja.

Fikiri kama vidole vyangu vingekuwa pale. Bapa lile lina makali kama wembe. Mvuvi aliyekatika vidole usiku, katikati ya mito ya delta, ana saa nyingi za kupiga kafi kabla hajaona zahanati. Hili ndilo jambo ambalo lingetosha mimi kusema hapana, hata kama kisu kingeuzwa kwa shilingi 3,000.

Kuna na habari ya mkono mmoja. Nilimwonyesha kisu mzee mmoja aliyevua kamba na samaki katika delta tangu ujana wake. Alikigeuza, akakisifu kwa uzuri. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mkono mmoja umeshika mtumbwi, kamba ya nanga imekuzinga mguu, maji yanakupwa kwa nguvu. Utakifungua kwa mkono upi?" Nilijaribu kukifungua kwa mkono mmoja wenye matope na maji. Kilinichukua muda mrefu. Kisu cha ala, kilichofungwa kiunoni, huchomolewa mara moja. Mzee akasema mkondo hausubiri mtu afungue kisu.

Katika kukata kamba kilifanya vizuri sana. Kamba nene ya nailoni ilikatika kwa kuvuta mara moja. Kuparua samaki pia si kibaya, ingawa magamba na utelezi huingia ndani ya mkunjo, na usipokisafisha siku ile ile kitanuka. Akina mama waliokijaribu kwa samaki walikirudisha upesi. Mmoja alisema hawezi kula na harufu mfukoni.

TULICHOKIONA SHAMBANI

Wenzangu wa Bungu na Jaribu, ninyi wenye mikorosho na miembe, msikilize hapa.

Kazi ya kisu inayotaka uangalifu kuliko zote shambani ni kubebesha miche. Unachukua mche wenye shina la unene wa penseli. Unakata kichwa chake. Unalipasua shina katikati, sentimita 3 au 4 kwenda chini. Kisha unachukua kikonyo kutoka mti mzazi ulio bora, unakichonga pande mbili kama kabari, unakichomeka katika ule mpasuko. Ganda la kikonyo lazima likutane na ganda la mche, walau upande mmoja. Kisha unafunga kwa utepe wa nailoni. Mahali palipochongwa pakiwa panyoofu na laini, mche na kikonyo huungana. Pakiwa na mikwaruzo, hewa na maji huingia, kikonyo hukauka.

Kwa kazi hiyo unahitaji kisu chembamba. Lakini kisu kile cha titani ni cha kazi nzito. Mgongo wa bapa lake una unene wa sarafu mbili zilizopandana. Nilipolipasua shina, halikukatika. Lilitanuka na kuchanika, kama kuni inavyopasuliwa kwa shoka, na mpasuko ukashuka kupita nilipotaka. Nilijaribu miche mitatu, yote ikawa hivyo hivyo. Nikaacha. Mche unatunzwa wiki nyingi kitaluni, haufai kuharibiwa kwa majaribio. Wembe mpya, au kisu chembamba cha kubebeshea kilichonolewa vizuri, hufanya kazi hiyo kwa usafi zaidi, na bei yake ni ndogo.

Kwa wale wanaovuna mpunga kwa kisu kidogo, suke kwa suke, sina haja ya kueleza mengi. Bapa nene kiganjani siku nzima ni mateso. Na dafu halifunguliwi kwa kisu cha mfukoni hata kiwe cha madini gani. Panga lipo.

KUNOA

Chuma cha bapa katika visu hivi vya bei kubwa ni chuma kigumu sana. Mara nyingi kimetiwa madini yaitwayo vanadi, ambayo nayo yamo katika mwamba wa Liganga. Uzuri wake ni kwamba makali hukaa muda mrefu. Ubaya wake huonekana siku makali yanapokwisha. Tupa yetu iliteleza juu yake kama inateleza juu ya kioo. Jiwe la kunolea tunalolitumia kwa mapanga lilichukua muda mwingi mno, na makali hayakurudi kama yalivyokuwa. Chuma hicho kinataka kinoo cha almasi. Vinoo hivyo vipo mijini, lakini ni gharama nyingine juu ya gharama.

Kisu cha springi ya gari kinakwisha makali upesi zaidi, lakini unakinoa hapo hapo ulipo, juu ya jiwe, huku unazungumza na mwenzako.

TUPIGE HESABU

Chukua penseli. Kisu cha titani ni shilingi 300,000. Tuseme kisu cha mhunzi pamoja na ala yake ni shilingi 10,000. Gawa 300,000 kwa 10,000. Utapata 30. Kwa hiyo kisu kimoja cha titani ni sawa na visu 30 vya mhunzi.

Sasa tuseme kisu cha mhunzi kinadumu miaka 2 tu kwa sababu ya chumvi. Zidisha 30 kwa 2. Utapata 60. Kijana wa miaka 20 akinunua kimoja kila baada ya miaka miwili, fedha zile zitamfikisha umri wa miaka 80.

Mtu anaweza kusema kisu cha titani nacho kitadumu miaka 60. Labda mpini wake utadumu. Lakini kuna jambo moja ambalo kiwanda hakiwezi kulizuia. Kisu huanguka majini. Titani ni nyepesi kuliko chuma, lakini haielei. Kikitumbukia katika mto wa delta wakati wa bamvua, kimekwenda. Ukipoteza kisu cha 10,000 utasikitika mpaka jioni. Ukipoteza cha 300,000 utaugua.

Kijana alikirudisha kisu kwa binamu yake. Walinuniana kidogo, maana binamu alikuwa amekwisha kuzipangia matumizi fedha zile.

UKITAKA KISU CHEMA

Nenda kwa mhunzi, umwambie unataka kisu cha springi ya gari. Usikubali cha nondo. Nondo ni chuma laini, hakishiki makali hata ukinoe kutwa. Uliza kama amekipasha moto mpaka kikawa chekundu, akakizima katika mafuta, kisha akakipasha tena kidogo. Mhunzi mzuri hatachukizwa na swali hilo.

Kisha pitisha tupa kwenye makali. Tupa ikiuma kwa urahisi sana, chuma ni laini. Ikiteleza kabisa, ni kigumu mno, nacho kitakatika meno. Inayotakiwa ni tupa iume kidogo, kwa shida.

Tazama mpini. Chuma kiingie mpaka mwisho wa mpini, kishikwe kwa misumari miwili au mitatu iliyofuliwa pande zote mbili. Mti wa mpera hufaa kwa mpini. Mkoko pia ni mti mgumu, lakini usiukate bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kwa ajili ya kisu tu. Zungushia mpini uzi wa nyavu ili usiteleze mkononi. Chagua uzi mwekundu au wa manjano. Kisu kikianguka kwenye matope utakiona. Na tundu la kamba lisikose: upande mmoja kisu, upande wa pili kiuno chako.

JIHADHARI NA TITANI YA UONGO

Magulioni kuna visu vya kukunja vinavyong'aa rangi ya dhahabu. Wauzaji huviita vya titani, huviuza kwa bei ya kati. Vingi vyao vimepakwa ngozi nyembamba tu. Ndani ni chuma cha kawaida. Tumia sumaku kama nilivyoeleza. Mpini ukinata, si titani.

Usiponata, bado usilipe. Huenda ni aluminiamu, nayo hainati. Omba fundi wa kuchomelea aguse pembe ya mpini kwenye jiwe lake la umeme. Titani hutoa cheche nyeupe zenye kung'aa sana. Chuma hutoa cheche za manjano au nyekundu. Aluminiamu haitoi cheche. Muuzaji akikataa, mwachie kisu chake.

KAMA UNACHO TAYARI

Huenda umeletewa zawadi na mwanao. Usikitupe. Kwa dereva, kwa fundi wa nyumba, kwa mtu anayefanya kazi nchi kavu, ni kisu kizuri cha kukata kamba, mabomba ya plastiki na magunia. Kikiguswa na maji chumvi, kisuuze kwa maji baridi siku ile ile, kikiwa wazi. Kikaushe juani. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye msumari. Usitie mafuta ya nazi, maana yakikaa huganda. Usikichome motoni ili ukatie plastiki. Ugumu wa makali utakufa na hautarudi.

Kila unapokifungua, tazama ulimi kabla hujakata. Uwe umeingia nyuma ya bapa wote. Na kiweke mbali na watoto. Mtoto akiona kitu kinachokunjwa na kukunjuliwa, atakichezea.

Mwezi ujao nitaeleza jinsi ya kuchagua tupa, na kwa nini tupa mpya huisha meno ndani ya wiki moja ikitumiwa vibaya. Kama mhunzi wa kijijini kwako ana namna yake ya kuzuia kutu ya chumvi, mwambie afisa ugani wa kata yenu aniandikie.